Migongo ya Mashujaa

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, likiwa na wafanyabiashara, wateja na wapagazi ndani yake. Jioni ya siku hiyo nilipanda daladala nikiwa na kikapu chenye mataulo manne, chupa mbili za mafuta ya nazi na mkeka uliokunjwa. Sikwenda kufukua kifusi. Umri wangu umeshapita hamsini, na kiuno changu kinalalamika nikiinua ndoo ya maji. Nilikwenda kukanda.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kuniona hapa nikigombana na bajeti, sera na hotuba, kwa hiyo nijieleze kidogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji kule Pangani. Wanawake waliotoka uzazini walikuja kwake, na wavuvi waliovuta nyavu mpaka mabega yakagoma walikuja kwake. Nami, tangu nina miaka saba, kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya mafuta na kunyamaza. Nilipofika chuo kikuu nilijilipia chakula kwa kuwa mchua misuli wa timu moja ya mpira wa miguu ya daraja la chini. Baadaye nikaongeza kozi ya miezi sita, nikajifunza majina ya misuli ambayo mikono yangu ilikuwa inaifahamu tayari. Shahada zilizofuata zilinipa mshahara, lakini hazikuniondolea ufundi huo.

Nilipowagusia wanafunzi wangu jambo hili wiki iliyofuata, ukumbi mzima uliangua kicheko. "Dokta, masaji?" aliuliza mmoja kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Siwalaumu. Jijini kwetu neno hilo limechafuliwa na matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, na kila mtu anajua, au anajifanya hajui, kinachouzwa pale. Hata hivyo kicheko kile kilinikaa kifuani. Niliona ndani yake umo msimamo mzima wa nchi kuhusu mwili wa mtu afanyaye kazi. Mchezaji wa klabu kubwa ana mchua misuli, ana daktari, ana mtu wa kumpimia chakula, na hakuna anayecheka. Anayefukua kifusi kwa mikono mitupu akitafuta binadamu mwenzake ana makofi. Ukimtajia kukandwa bega, watu wanacheka.

Nilitandika mkeka kwenye baraza ya duka la vitenge lililofungwa, mitaa miwili nje ya eneo lililozungushiwa utepe. Sikuomba kibali kwa sababu sikujua kinaombwa wapi, na niliowauliza hawakujua pia. Aliyenitangaza ni mama lishe aliyekuwa akigawa uji bila malipo. "Wanangu, yule baba pale anakanda. Hadai hela." Wa kwanza kuja alikuwa kijana mpagazi, mmoja wa wale waliokimbilia kwenye kifusi kabla vumbi halijatua. Aliniamkia, akakaa, akasema bega tu, mzee, nina haraka. Nilipolishika bega lile nilijua kwamba haraka haipo, wala hataweza kuinua kitu chochote kwa saa kadhaa.

Tuna mazoea ya kuusifu moyo wa mwokoaji, nami nataka kusema habari za nyama na mishipa. Mtu anayepokezana ndoo za kokoto tangu asubuhi hadi usiku, kigasha chake kinakuwa kigumu kama ubao na vidole vyake haviwezi kufunguka. Anayeshika mashine ya kuvunjia zege, mikono yake inaendelea kutetemeka hata baada ya mashine kuzimwa. Ncha za vidole hufa ganzi, na zikizoea hali hiyo kwa miaka hupauka na kupoteza hisia. Shingo zao zilikuwa zimekakamaa upande mmoja, na mwanzoni sikuelewa kwa nini. Baadaye walinieleza: ni kusikiliza. Chini ya kifusi kile walikuwamo watu walio hai, wengine wakizungumza kwa simu na waliokuwa juu, na waokoaji walikuwa wakilala kifudifudi kwenye matundu, sikio chini, mwili umepinda, wakiamuru watu wote wanyamaze ili sauti ipatikane. Ukikaa hivyo nusu saa, kisha ukarudi kubeba mawe, kisha ukainama tena, misuli ya shingo haikusamehe.

Walikuja wapagazi, madereva wa bodaboda, vijana wa maduka ya jirani, na baadaye usiku hata wenye sare. Mmoja wao, askari wa zimamoto mwenye umri wa kuweza kuwa mwanangu, alilala kwenye mkeka akaniambia, "Mzee, nikilala usiniamshe mpaka waite." Alilala kabla sijafika bega la pili. Mwingine alilia bila sauti muda wote niliokuwa nikimkanda mgongo, nami nikaendelea, kwa maana bibi yangu alinifundisha kwamba mkandaji haulizi. Sijui alikuwa amemwona nani kule chini.

Nieleze pia kosa langu, kwani mtu akisimulia wema wake tu msimwamini. Kijana mmoja alikuja akichechemea, akasema ndama ya mguu imekaza. Nilidhani ni mkakamao wa kawaida. Nilikuwa nimeshamimina mafuta na kuanza kuchua pale muuguzi mmoja aliyekuwa akijitolea alipopita, akatupa macho, akanishika kifundo cha mkono. "Baba, huyo usimguse. Aende kwa daktari." Mguu ulikuwa umevimba, una joto, ngozi imevutika na kung'aa. Nilipomuuliza vizuri, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo, ikajulikana kwamba mguu ule ulikuwa umebanwa na kipande cha ukuta kwa muda mrefu kabla wenzake hawajamnasua. Misuli iliyobanwa hivyo ikisuguliwa inaweza kumwaga sumu katika damu na kuzishinda figo. Na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu ikisukumwa na mkono wa mjinga inaweza kusafiri hadi mapafuni. Hayo yote nilifundishwa. Niliyasahau kwa sababu ya uchovu na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunikumbusha. Alipelekwa hospitali kwa bajaji. Laiti muuguzi yule angepita dakika kumi baadaye, pengine leo nisingekuwa na uso wa kuandika makala haya.

Kwa hiyo sitetei kujitolea kwa kila mwenye chupa ya mafuta na huruma. Huruma isiyo na msimamizi ni hatari. Lakini hatari ile ilitoka wapi? Nilikuwa nimekaa peke yangu barazani, bila daktari, bila taa, bila orodha ya nani amefanya nini kwa saa ngapi, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba miili ya waokoaji ni sehemu ya maafa. Majeruhi wana hema lao na wafiwa wana meza yao ya kuandikishia majina. Aliyetoka kwenye tundu saa nane usiku, mapafu yamejaa saruji, anatafuta boksi la kulalia kwenye korido ya duka.

Siku zile redio zote zilikuwa na neno moja: mashujaa. Nimeanza kuliogopa neno hili. Shujaa, katika lugha yetu ya siasa, ni mtu asiyedai. Ukishamwita shujaa, umeshamlipa. Hatapewa barakoa, maana mashujaa hawaogopi vumbi. Hatapangiwa zamu, maana mashujaa hawachoki. Wala hatarudi miezi sita baadaye kusema kifua kinabana, kwa sababu akirudi atakuwa ameshavuliwa ushujaa na kuwa mtu mwenye shida, na watu wenye shida tunao wengi.

Kumbukeni Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi aliumia akijaribu kuwaokoa marubani. Taifa lilimpongeza, akapewa shilingi milioni moja na nafasi ya ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwa ajili yake, na nafurahi hadi leo. Lakini hakuwa peke yake majini asubuhi ile. Wale wengine waliovuta kamba, waliobeba watu begani hadi ufukweni, waliorudi nyumbani na mikono iliyochubuka na macho yaliyoona maiti, tulifanya nini nao? Tulichagua uso mmoja, tukaupamba, tukajiona tumelipa deni la wote. Zawadi ni hiari ya mtoaji. Leo yupo, kesho hayupo. Mimi nazungumzia haki, ambayo haitegemei nani alionekana kwenye televisheni.

Au Hanang. Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka mlimani na kufunika sehemu za Katesh na kijiji cha Gendabi, waliouawa walizidi 80, na kazi ya kufukua iliendelea kwa siku kadhaa, wanajeshi na wanakijiji bega kwa bega. Kijana niliyemfundisha zamani, sasa mtumishi wa umma, alikuwa miongoni mwa waliofukua. Aliniambia kwamba kwa miezi mingi hakuweza kuvumilia harufu ya udongo uliolowa. Ni mtu wa kilimo huyo. Mvua ikinyesha, anafunga madirisha.

Sasa niwageukie wanaharakati, ndugu zangu, maana nao wana neno nami. Rafiki yangu mmoja, mtu wa msimamo mkali ambaye namheshimu, aliposikia habari za mkeka wangu alinipigia simu usiku. Alisema ninaifanyia serikali kazi yake. Kila mwananchi anayejitolea, alisema, anaziba tundu ambalo lingepaswa kubaki wazi ili watu waone aibu. Acha waokoaji waanguke kwa uchovu mbele ya kamera, ndipo bajeti itapatikana.

Nilimjibu vibaya usiku ule, kwa hasira. Nimjibu vizuri leo, kwa mfano wa mji wa mbali uliojaribu njia zote mbili.

Baada ya minara ya World Trade Center kuanguka New York mwezi Septemba 2001, kazi ya kuondoa kifusi ilichukua zaidi ya miezi minane, hadi mwisho wa Mei 2002. Mkabala na eneo lile limo kanisa dogo la kale, St. Paul's Chapel, lililojengwa mwaka 1766, ambalo halikuanguka. Lilifanywa pumziko la wafanyakazi wa kifusi. Maelfu ya watu walijitolea pale kwa zamu: wapishi, wanamuziki, wanasaikolojia, wataalamu wa miguu na wachua misuli. Wafanyakazi walilala kwenye viti virefu vya ibada wakiwa na buti na mikanda ya vifaa, na mbao zikabaki na mikwaruzo. Sehemu ambayo George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliketi kusali ndiyo iliyotumika kutibia miguu ya wazima moto. Napenda sana picha hiyo. Nchi yenye kiburi cha aina ile ilikubali kiti cha rais wake wa kwanza kiwe mahali pa kuoshea vidonda vya kisigino.

Huo ndio wema, na ulikuwa wema uliopangwa, wenye zamu na wasimamizi. Lakini kukanda hakusafishi mapafu. Septemba 18, 2001, wiki moja tu baada ya shambulio, mkuu wa mamlaka ya mazingira ya nchi ile aliwatangazia wakazi kwamba hewa ilikuwa salama kuvuta. Haikuwa salama. Vumbi lile lilikuwa na saruji, vioo vilivyosagika, risasi na asbesto. Askari wa zimamoto 343 walikufa siku ya tukio lenyewe. Waliokufa baadaye kwa maradhi ya vumbi lile sasa wamezidi idadi hiyo. Wale waliokandwa mabega kanisani walirudi nyumbani wakikohoa, na ofisi zikawauliza wana ushahidi gani kwamba kikohozi hicho si cha sigara.

Iliwachukua karibu miaka 10 kupata sheria. Ilisainiwa Januari 2, 2011, ikapewa jina la James Zadroga, askari wa upelelezi aliyefariki mwaka 2006 baada ya kufanya kazi kwenye kifusi. Mwaka 2015 huduma zake za afya ziliongezewa muda hadi mwaka 2090, yaani mpaka yule kijana kabisa kati yao awe ameshazikwa kwa uzee. Nami naomba watumishi wa umma wanaonisoma waliangalie neno moja katika sheria ile: inawahusu pia waliojitolea. Haimuulizi mtu kama alikuwa na mkataba wa ajira. Inamuuliza alikuwa wapi, siku zipi, kwa muda gani.

Rafiki yangu mwanaharakati atasema mfano huu unamthibitisha yeye: wema ulikuwapo, na haki bado ilichelewa muongo mzima. Ni kweli kwamba ilichelewa. Lakini je, ingewahi kama wangeachwa walale barabarani? Walioidai haki ile walikuwa ni wao wenyewe, wagonjwa, wakipanda ngazi za bunge lao mwaka baada ya mwaka, na wengine wakafa njiani. Mtu aliyeachwa aanguke kwa uchovu hapandi ngazi hizo. Kumkanda mtu bega hakumfanyi asahau kudai. Mikononi mwangu pale barazani walidai kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuisikia kwenye semina yoyote. Ninachokikataa, na hapa tunakubaliana mimi naye, ni serikali kulitazama bega lililokandwa na kusema jambo limekwisha.

Kwetu hali ikoje? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia ngazi ya taifa mpaka kijiji na mtaa. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huo wa pili umejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa: mwajiri anachangia, mfanyakazi akiumia kazini analipwa. Ni mpango mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mwajiri wa mpagazi wa Kariakoo ni nani? Ni mzigo. Siku ile aliuacha mzigo chini, akaingia kwenye kifusi, na kwa kitendo hicho akatoka hata katika ule mwavuli hafifu wa shughuli yake. Akivunjika mkono, ni wake. Na miaka 15 ijayo, vumbi la zege likimletea ugonjwa wa mapafu, hakutakuwa na karatasi hata moja nchini inayoonyesha kwamba aliwahi kusimama pale.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, kwenye karatasi. Baada ya Kariakoo iliundwa timu ya kukagua majengo, na ilikuwa sahihi kuundwa. Majengo yalipata wakaguzi. Naomba vigasha na mapafu navyo vipate mkaguzi. Anayesimamia eneo la maafa awe na daftari tangu saa ya kwanza: jina, simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, alishika kazi gani. Daftari la shilingi elfu mbili na mia tano. Kwa daftari hilo utajua nani amechimba saa 14 na lazima apumzishwe, nani anastahili kupimwa kifua mwaka ujao, nani wa kufidiwa akilala kitandani. Bila hilo, hata tukitunga sheria nzuri kuliko ya Marekani, hatutajua tumpe nani. Na kwenye hema la huduma ya kwanza iwepo kona ya waokoaji, yenye daktari wa kuamua nani akandwe na nani apelekwe hospitali, ili wazee wenye kumbukumbu mbovu kama mimi wasije wakaua mtu kwa mafuta ya nazi. Na barakoa. Nimeiweka mwisho kwa sababu naona aibu kuiandika. Usiku ule niliwaona vijana wakiingia kwenye vumbi wamejifunga fulana puani.

Mtu wa fedha ataniuliza gharama. Nami nitamuuliza bei ya turubai, viti vilivyovalishwa vitambaa na maji ya chupa katika hafla moja ya kuwapongeza mashujaa.

Hafla ya namna hiyo nilialikwa miezi miwili baadaye. Taasisi moja ilinipigia simu, sauti ya binti mwenye adabu sana, ikanieleza kwamba nitapewa cheti cha shukrani. Nilimuuliza kama wapagazi wamealikwa. Akasema orodha ilitoka juu, Dokta, na mawasiliano yao hawana. Nikamwambia mimi ninayo. Akasema atauliza kisha anipigie. Simu yangu ipo hewani.

Ninayo kwa sababu baada ya kosa lile la mguu nilianza kuandika. Nilinunua daftari la mistari kwenye kioski, na kila aliyekaa mkekani kwa siku tatu nilizokuwa pale niliandika jina lake, namba yake, alifanya kazi gani na nilikuta nini mwilini mwake. Wapo 61. Mwezi Januari niliwapigia wote, 48 walipokea. Wengi wao walikuwa wamesharudi mizigoni. Yule wa bega alisema bega limepona, ila ana kikohozi kikavu ambacho hakiondoki, na amenunua dawa mara tatu kwenye duka la dawa. Aliuliza kama nakanda kifua. Nilimwambia hapana, mwanangu, nenda hospitali ukapigwe picha. Akaniuliza ni shilingi ngapi.

Nakala ya daftari hilo, kwa idhini yao wenyewe, niliiambatisha na barua nikaipeleka mwezi huo huo kwenye ofisi niliyoambiwa ndiyo inayohusika. Sijajibiwa. Barua ya pili naipeleka Jumatatu, na safari hii nitakaa kwenye benchi mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.